TAHADHARI: "Seti kamili ya bibi harusi, vipande 32, orijino"

Msimu wa harusi ukikaribia, tangazo ni lile lile: boksi la waridi, kioo kwenye kifuniko, utepe wa satini, na maneno "Seti Kamili ya Bibi Harusi, vipande 32, OG". Bei haifiki laki moja, na unatumiwa popote ulipo. Dada, kabla hujatuma hata shilingi, soma hapa. Nanyi mama, shangazi na matroni mnaomnunulia mtoto zawadi ya send-off, someni pia, maana mara nyingi hela inatoka kwenu.

Wanaouza boksi hili ni wa aina mbili. Wa kwanza hana mzigo kabisa. Anachukua picha za watu wengine, anafunga maoni, bei anakuambia inbox, anaomba nusu kwanza, kisha "nauli ya basi", kisha "mzigo umeshikwa forodhani, ongeza elfu kumi na tano". Ukianza kuuliza maswali, anakublock. Wa pili ndiye wa kuogopa zaidi, kwa sababu mzigo analeta. Unafika kwa basi Mwanza au Mbeya, umefungwa vizuri, una harufu nzuri, na kila kilichomo ni feki. Wa kwanza anakula hela yako tu. Wa pili anakula hela, kisha anakuachia kitu cha kupaka usoni na kwenye macho.

Hesabu peke yake inatosha kumfichua. Lipstiki moja ya MAC huko Marekani kwenyewe inauzwa zaidi ya dola 20, yaani shilingi elfu hamsini hivi, kabla ya usafiri, ushuru na faida ya muuzaji. Boksi linakuahidi lipstiki sita za MAC, faundesheni ya Fenty, paleti ya Huda Beauty, konsila (ya kuficha madoa), praima (inayopakwa kabla ya faundesheni) na brashi kumi na mbili. Kwa laki? Tena hizo ni kampuni zinazoshindana sokoni, haziwezi kukaa chini zikatengeneza boksi moja kwa pamoja. Ukikuta majina matatu chini ya kifuniko kimoja, jua boksi limepangwa na mtu mwingine kabisa.

Wala usidhani ni Kariakoo tu. Mwaka 2018 wakaguzi wa serikali ya Marekani walitoa ripoti: walinunua vipodozi 13 vyenye jina la Urban Decay kutoka kwa wauzaji wa mtandaoni. Vyote 13 vilikuwa feki. Mwaka huo huo polisi wa Los Angeles walikamata vipodozi feki vya thamani ya takriban dola 700,000, na vipimo vikaonyesha bakteria wengi na chembe za kinyesi. Hiyo ndiyo hali ya mahali vinapochanganywa: ndoo, mikono mitupu, maji yasiyojulikana yametoka wapi. Rangi nyekundu ya bei rahisi huweza kubeba madini ya risasi, na wanja mweusi vilevile.

Ukilifungua boksi lenyewe, anza na lipstiki. Izungushe itoke yote. Ya feki mara nyingi imekaa upande, ina ukingo uliokatika au kijishimo cha hewa, na juu yake kuna vitone vya mafuta kama jasho. Jasho peke yake halithibitishi kitu, kwa sababu hata ya kweli hutokwa na jasho ikikaa juani. Lakini jasho likiambatana na maandishi yanayofutika kwa kusugua kidole, basi ni feki. Nenda kwenye faundesheni. Chupa ya kawaida ni mililita 30. Inatakiwa iwe na orodha ya viambato, namba ya toleo (batch) inayolingana na ile ya kwenye boksi lake dogo, na mchoro wa kopo lililo wazi wenye 6M, 12M au 24M, yaani miezi ya kutumia baada ya kufungua. Ya kwenye seti mara nyingi haina orodha, na rangi zake ni "01, 02, 03" tu. Maybelline Fit Me, kwa mfano, ina namba na jina: 330 Toffee, 355 Coconut, 360 Mocha. Muuzaji akikuambia "hii 02 inakubali ngozi zote nyeusi", hana anachokijua.

Ile mistari myeusi ya kuskani isikudanganye. Tarakimu zake za mwanzo zinaonyesha kampuni ilikosajili namba, hazionyeshi bidhaa ilikotengenezwa, na feki huzinakili zilivyo. Namba ya toleo nayo hunakiliwa, kwa hiyo kuiingiza kwenye tovuti za kukagua na kuambiwa "ipo" si uthibitisho. Isipolingana kati ya boksi na chupa, hapo ndipo inakupa jibu: usinunue.

Gundi ya kope ndiyo inayotutisha kuliko vyote. Gundi ya kope za bandia za utepe kwa kawaida ni nyeupe kama maziwa, ikikauka inakuwa angavu na inanyumbulika (ipo pia nyeusi). Kwenye seti hizi kunawekwa kichupa kidogo cha gundi ya kucha za bandia, ambayo ni jamii moja na supaglu. Ijaribu hivi: dondosha tone moja kwenye foili. Ikichoma pua, ikakauka kwa sekunde chache na kuwa ngumu kama plastiki, isikaribie jicho kamwe. Kope zikishagandana, usivute na usikate kwa mkasi. Weka kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu juu ya jicho na uende hospitali yenye kitengo cha macho siku hiyo hiyo.

Halafu kuna zawadi: "Ukinunua leo unapata krimu ya kung'arisha uso ndani ya siku 14, uwe tayari kwa harusi." Hapa tunaomba msikie kabisa. Krimu inayobadilisha rangi ya uso kwa wiki mbili mara nyingi ina zebaki, haidrokwinoni au steroidi kali. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, na Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, unazuia nchi wanachama kutengeneza vipodozi vya zebaki, kuviingiza na kuviuza nje ya nchi. Zebaki huingia kupitia ngozi na kuharibu figo. Kwenye lebo tafuta maneno mercury, calomel, mercurous chloride, mercuric iodide au Hg. Kuna dalili nyingine ambayo watu huipita bila kuiona: maelekezo yakisema vua vito, isiguse dhahabu, fedha wala alumini, shuku zebaki mara moja, kwa kuwa zebaki hushikana na dhahabu. Onyo hilo limewekwa kwa ajili ya pete ya uchumba. Ngozi yako hawakuitaja. Steroidi nayo, kama clobetasol, inakupa wiki mbili za uso laini, kisha ukiacha, ngozi inawaka, inatoka vipele na kuwasha. Hesabu siku uone, mara nyingi muwasho huo unaangukia wiki ile ile ya harusi, na faundesheni haishiki juu ya ngozi inayobanduka.

Kwa ndugu wa Unguja, Tanga, Mombasa na Lamu, boksi huja na "hina nyeusi ya dakika 15". Hina ya kweli haina weusi huo. Inatoka na rangi ya machungwa, kisha inakolea kuelekea hudhurungi kwa muda wa siku mbili. Nyeusi ya dakika 15 ni piko, yaani dawa ya kutia nywele rangi yenye kemikali ya PPD. Ulaya PPD inaruhusiwa kwenye dawa ya kutia nywele rangi, kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na hairuhusiwi kuchorea ngozi. Ngozi iliyochorwa maua hayo inaweza kuvimba na kutoa malengelenge yakifuata mchoro wenyewe, na mtu aliyekwisha kupata mzio huo anaweza kuubeba maisha yote, kila akipaka dawa ya nywele ya aina hiyo. Mueleze anayekuchora mapema kwamba unataka hina, na umwone anapoichanganya.

Sasa, unahitaji nini hasa? Vipande 32 havihitajiki. Uso mmoja unatumia mililita 1 hadi 2 za faundesheni, kwa hiyo chupa moja ya mililita 30 inatosha majaribio, kitchen party, send-off na harusi, na inabaki. Ongeza praima, konsila moja (iliyopanda toni moja tu juu ya faundesheni, si tatu), poda, blashi, penseli ya nyusi, wanja na maskara isiyoyeyuka kwa maji, lipstiki ya kukauka na penseli ya midomo inayolingana nayo. Kope chukua jozi mbili, moja ya majaribio na moja ya siku yenyewe, pamoja na gundi mpya. Sponji mbili, brashi nne au tano, karatasi za kufyonza mafuta. Paleti ya macho yenye rangi sita inatosha mno. Ukikosa hela ya vyote kuwa vya bei, weka hela kwenye faundesheni, maskara na gundi, maana ndivyo vinavyokaa usoni na machoni saa kumi na zaidi. Blashi na penseli za kampuni ndogo zenye lebo kamili hazina shida.

Kanunue kimoja kimoja, duka lenye mlango na risiti, na ujaribu kabla ya kulipa. Paka faundesheni kwenye taya, si mkononi, maana mkono na uso havina rangi moja. Zunguka sokoni nusu saa. Faundesheni nyingi hukolea zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi, na ile iliyoonekana sawa dukani inaweza kugeuka kijivu au chungwa. Kisha toka nje kwenye mwanga wa jua uangalie na shingo. Poda ijaribu kwa simu: paka, ingia penye giza, piga picha kwa flashi. Uso ukitoka mweupe kama umepakwa unga, poda hiyo huenda ina silika nyingi inayorudisha mwanga, na albamu nzima itatoka hivyo. Hata poda orijino hufanya hivyo, basi jaribu zote.

Angalia praima na faundesheni kama zinaelewana. Soma viambato vya mwanzo. Ukiona dimethicone au jina jingine linaloishia na "-cone" kwenye praima, tafuta na faundesheni yenye jamii hiyo. Vikipishana, ukipaka moja juu ya nyingine hutoka vipunje vipunje kama vya raba ya kufutia penseli, na hakuna mpambaji anayeweza kukiokoa kitu hicho saa nane mchana kwenye joto la Dar.

Wiki mbili kabla, paka kidogo cha kila kitu ndani ya kiwiko au nyuma ya sikio, acha saa 48. Kukiwa na muwasho, wekundu au uvimbe, unao muda wa kubadilisha. Jaribio la uso mzima fanya siku nyingine, ukae nalo saa sita, ule, unywe, ucheze kidogo.

Ukilazimika kununua mtandaoni, gusa jina la ukurasa wa Instagram uone umeanzishwa lini na umebadilisha jina mara ngapi. Ukurasa wa miezi mitatu uliokuwa ukiuza viatu jana usiupe hela. Omba video ya mzigo ikiwa na karatasi iliyoandikwa jina lako na tarehe ya leo. Lipa mzigo ukiwa mkononi, na umefunguliwa. Kwenye lipa namba, kabla ya kuweka PIN, jina linatokea. Lisipofanana na la duka, futa.

Umeshatuma? Piga simu huduma kwa wateja ya mtandao wako wa simu dakika hiyo hiyo uombe muamala uzuiwe, maana akishatoa hela kwa wakala hakuna cha kuzuia. Namba yake iripoti kwa ujumbe kwenda 15040, kisha nenda polisi na picha za mazungumzo. Utapeli wa mtandaoni uko ndani ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Kama umeletewa feki, usalama wa vipodozi Tanzania Bara uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, na bidhaa bandia zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani. Zanzibar nenda Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA). Boksi lenyewe usilitupe, wala usimpe mdogo wako achezee. Lifunge pamoja na risiti ya mzigo uliyopewa na basi, na ulipeleke kama lilivyo.