Nililipia ripoti ya hataza, kisha nikatafuta mwenyewe

Shilingi 18,000 nilizituma kwa M-Pesa Ijumaa jioni, kwa huduma ya kutafuta kama kuna aliyetutangulia kuvumbua kitu chetu kabla hatujaomba hataza (patent), yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Jumatano iliyofuata ripoti ikaingia kwenye barua pepe: kurasa 34, nembo juu, mhuri chini, na jibu lile lile ambalo mimi na mpwa wangu tulitamani kulisikia. Hakuna uvumbuzi uliotangulia unaofanana na wenu. Tukanunua soda.

Mimi hufunga skrini na spika kwenye matatu; kibanda changu kiko Luthuli Avenue. Mpwa wangu anasomea kompyuta. Siku moja tulipanda gari la Rongai, moja ya zile manyanga, matatu za kisasa zilizopambwa, ambazo skrini yake ni kubwa kuliko ya sebuleni kwangu. Kiti cha mbele yetu aliketi mama na mtoto wa miaka kama sita. Video ikafika pale zinapofikaga. Mama akamvuta mtoto, akamziba macho kwa mkoba, mtoto akachungulia kwa upande wa pili wa mkoba. Mpwa akaninong'oneza, "Mjomba, kompyuta inaweza kuizima hii kabla haijatokea."

Baada ya miezi mitano alikuwa na kisanduku kidogo kinachoitazama video sekunde chache kabla ya abiria kuiona. Kikikuta mwili uchi kinatia skrini giza, kikisikia tusi kinanyamazisha sauti. Yeye aliona mradi wa chuo. Mimi niliona hataza, na ndiyo maana pesa zikatoka mfukoni mwangu.

Sheria yetu ya Mali ya Viwanda ya 2001 haijali kama kitu ni kipya Nairobi. Kinatakiwa kiwe kipya duniani. Kama mtu alikwisha kukieleza hadharani mahali popote, kwa maandishi, kwa mdomo au kwa kukitumia watu wakiona, basi kimeshatangulia. Kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya maombi, mwenye akili anatafuta kwanza. Nami nikaamua kumlipa anayejua kutafuta.

Huduma yenyewe sitaitaja kwa jina. Walipokea simu vizuri, hawakuchelewa hata siku moja, na Kiingereza cha ripoti kilikuwa kimenyooka kama pasi. Tatizo nililigundua usiku, nilipoisoma ripoti yote badala ya ukurasa wa kwanza tu. Katika orodha ya nyaraka walizozipitia, ya tisa ilikuwa kichujio cha maji ya bwawa la samaki chenye kamera. Nikarudia kusoma nikidhani macho yamechoka. Samaki kweli. Ukurasa wa mwisho ukanipa sababu: waliingiza maneno matatu tu ya kutafutia, yote ya kisasa, yote yameanza na akili mnemba (AI), na neno "filter" likawavulia kila kinachochuja duniani, kuanzia maji hadi lenzi.

Waliotangulia hawakuwa na maneno hayo. Mtu wa mwaka 1985 hawezi kuandika akili mnemba ichuje maudhui. Ataandika lugha ya televisheni ya wakati wake, na usipoijua hutamkuta.

Basi Jumamosi nikafunga kibanda mapema, nikafungua Espacenet, hifadhi ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Ni bure, wala haikuniomba kujisajili. Saa ya kwanza sikufanya la maana zaidi ya wale niliowalipa. Nilikuwa navua samaki wale wale. Mambo yalibadilika nilipoacha maneno na kushika namba. Kila hataza hupangwa kwenye fungu la uainishaji, kama vitabu vya maktaba, na fungu halijali mwandishi alitumia msamiati gani. Nikachukua hati moja iliyokaribia kidogo kazi ya mpwa, nikaangalia imewekwa wapi: H04N 21/4542. H04N ni mambo ya picha za televisheni, na tawi hilo la mwisho ni la kuzuia matukio au vipande vya kipindi. Yaani watu wamelizungumza jambo letu kiasi cha kupewa rafu yao wenyewe! Hapo soda ikanitoka puani.

Namna ya pili iliyonisaidia ni kurudi nyuma kwa matajo. Kila hati huonyesha zile za zamani zilizotajwa wakati wa kuichunguza, nazo zina zilizotangulia kwao. Ni kama kuuliza ukoo: huyu mwana wa nani, na baba yake ni nani. Google Patents nayo hukuonyesha ukoo huo chini ya ukurasa, mababu na wajukuu pamoja. Njiani nikaokota maneno ya wazee: "blanking", "censor", "mute", "objectionable". Nikayarudisha kwenye kisanduku cha kutafutia na mlango ukafunguka.

Nilichokuta, kwa ufupi. Hataza ya Marekani nambari 4,554,584, ya mwaka 1985, inahusu mfumo wa kutia giza picha na kuzima sauti ya televisheni. Mwaka 1985 mimi nilikuwa sijaanza shule. Kisha kuna V-chip, kidude cha ndani ya televisheni: Marekani ilipitisha sheria mwaka 1996, na kufikia mwaka 2000 kila televisheni mpya huko ya inchi 13 kwenda juu ilitakiwa kuwa nayo. Hiyo husoma alama ya daraja la umri inayotumwa pamoja na kipindi, ikazuia kipindi kizima. TVGuardian ikaenda kwa matusi: inasoma maandishi ya viziwi yaliyofichwa kwenye matangazo, ikikuta neno baya inakata sauti. ClearPlay ya Utah yenyewe hutumia watu. Mtu anaitazama filamu, anaandika dakika na sekunde za kuruka, halafu mashine inafuata orodha. Bunge la Marekani hata liliwatungia sheria mwaka 2005 inayoruhusu uchujaji wa aina hiyo nyumbani.

Nikajifariji: hawa wote wanategemea alama, maandishi au orodha ya mtu. Hakuna anayeitazama picha yenyewe. Faraja hiyo haikufika chakula cha jioni. Uvumbuzi uliotangulia si hataza peke yake, na mpwa ndiye aliyechimba upande wa makala za kitaaluma. Mwaka 1996 Margaret Fleck, David Forsyth na Chris Bregler walichapisha namna ya kompyuta kutambua watu walio uchi pichani: inatafuta kwanza rangi na umbile la ngozi, kisha inajaribu kuunganisha vipande hivyo kama mikono na miguu ya binadamu. Mpwa alipoisoma alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Mjomba, huyu ni mimi kabla sijazaliwa."

Jambo moja lilinichanganya mwanzoni, na naona linawachanganya wengi pale Luthuli. Hataza ya 1985 ilikwisha muda kitambo. Nikadhani imekufa, basi haituhusu. Sivyo. Hataza ikifa haikuzuii tena kutengeneza na kuuza, lakini inaendelea kukuzuia kudai kwamba wewe ndiye uliyevumbua. Pia nilikuwa nasoma vibaya. Nilitazama michoro na muhtasari, kumbe kinacholindwa kimo kwenye madai, zile sentensi ndefu zenye nambari, mwishoni mwa hati. Kwa kutafuta yaliyotangulia hati nzima ni ushahidi. Kwa kujua unamkanyaga nani, soma madai.

Na kuna shimo ambalo hakuna chombo kitakachokuzibia, cha bure wala cha kulipia: maombi ya hataza kwa kawaida hukaa miezi 18 kabla ya kuchapishwa. Aliyeomba mwaka jana huenda humwoni. Ripoti yangu ya kurasa 34 haikutaja hilo hata kwa mstari mmoja.

Wala haikutuuliza swali ambalo lingetuokoa presha. Je, mmeshaonyesha watu? Mpwa alikuwa amerekodi kisanduku kikifanya kazi ndani ya gari na kuiweka TikTok, abiria wanacheka skrini ikizima. Kwa sheria ya Kenya mvumbuzi aliyejitangazia mwenyewe ana miezi 12 ya kuomba. Ulaya hawana huruma hiyo, ukionyesha umejifungia mlango. Video ilikuwa na miezi minne. Tukahesabu kwa vidole mara mbili.

Kwa hiyo huduma ile naipa nyota mbili: moja ya kufika kwa wakati, nyingine ya adabu. Niliwapigia nikawasomea ile namba ya 1985 kwenye simu. Kukawa na ukimya, kisha nikaahidiwa punguzo kwa ripoti ijayo. Sijui nani huagiza chai ya pili mahali alipokuta nzi kwenye ya kwanza. Espacenet naipa nne na nusu, na nusu iliyobaki ni yangu, kwa wikendi mbili zilizoliwa. Ukienda kwa wakala yeyote, kabla hujatuma hela mwombe akuandikie maneno atakayotafutia na mafungu ya uainishaji atakayofungua. Akikosa mafungu, rudisha simu mfukoni.

Tulichobakiwa nacho ni kidogo, ila ni chetu. Video za matatu hazina maandishi ya viziwi ya kusoma, na tusi la Sheng la mwaka huu si la mwaka jana. Hicho kipande, cha kulinasa tusi kwa sauti na kuifanya orodha ijisasishe kutoka kwa wasikilizaji, hatujakikuta kwenye rafu ile. Sisemi hakipo. Bado tunatafuta, na mpwa anaandika madai yake upya yakiwa membamba. Kwa sasa anazunguka stendi ya Railways na daftari akikusanya matusi. Amefika ukurasa wa nane, na makanga wanamsahihisha tahajia.