Kufuli za ununuzi za Google Play na Family Link: zinalinda nini kwenye simu ya nyumbani, na zinavuja wapi

Mchezo wa bure kwenye Play Store mara nyingi una duka ndani yake. Fungua ukurasa wa mchezo anaoutaka mtoto, gusa sehemu ya maelezo, shuka mpaka chini, utakuta mstari unaotaja bei za bidhaa za ndani zinaanzia wapi na kuishia wapi. Kwa michezo mingi mikubwa ni kuanzia $0.99 hadi $99.99 kwa bidhaa moja. Hiyo ya juu ni takriban shilingi 13,000 za Kenya, au laki mbili na nusu za Tanzania, na hakuna kinachomzuia mtoto kuinunua mara tatu mfululizo kama simu haijafungwa.

Tunazitathmini hapa kufuli ambazo Google yenyewe imeziweka dhidi ya jambo hilo. Tuanze na hukumu: zinafanya kazi, ila zimetengenezwa kwa ajili ya nyumba ambayo mtoto ana simu yake na mzazi ana yake. Nyumba nyingi za kwetu haziko hivyo. Mtoto anacheza Free Fire kwenye simu ya mama, ndani ya akaunti ya mama, na laini ya mama yenye pesa imo humohumo. Kwa nyumba kama hiyo Family Link, programu ya Google ya mzazi kusimamia simu ya mtoto akiwa kwenye yake, haina msaada wowote. Kinachosaidia ni mipangilio michache ndani ya Play Store ambayo wazazi wengi hawajawahi kuifungua.

Ununuzi wenyewe uko hivi. Mtoto anagusa pakiti ya daimondi, yaani pesa za ndani ya mchezo. Kutoka chini ya skrini kinapanda kidirisha chenye jina la bidhaa, bei, nembo ya njia ya malipo iliyohifadhiwa, na kitufe kimoja kirefu. Kama uthibitishaji (simu kudai nenosiri au kidole kabla ya kulipa) umezimwa, akigusa kitufe hicho biashara imeisha. Hakuna swali la pili. Risiti inakwenda kwenye Gmail ya mwenye akaunti na kukaa katikati ya matangazo bila kufunguliwa, na mzazi anajua siku anapotaka kutoa pesa akakuta salio halitoshi.

Mtoto naye haoni shilingi. Mchezo umeshaibadili pesa kuwa daimondi za Free Fire, Robux za Roblox, UC za PUBG Mobile au V-Bucks za Fortnite. Pakiti zinauzwa kwa idadi zisizolingana na bei za vitu vilivyomo dukani, kwa hiyo kila mara hubaki chenji kidogo isiyotosha kununua chochote, inayomvuta anunue pakiti nyingine. Ongeza saa inayohesabu kurudi nyuma juu ya ofa, na zawadi ya anayenunua kwa mara ya kwanza, utaelewa kwa nini kumkemea mtoto wa miaka minane hakutoshi.

Kampuni zenye maduka ya programu zinalijua tatizo hili kwa muda mrefu. Mwaka 2014 tume ya biashara ya Marekani, FTC, ilifikia makubaliano na Apple iwarejeshee wateja angalau $32.5 milioni, na mwaka huohuo Google ikakubali kurejesha angalau $19 milioni. Katika kesi zote mbili lilijitokeza jambo moja: mzazi akishaandika nenosiri mara moja, Apple iliacha mlango wazi kwa dakika 15 na Google kwa dakika 30, na ndani ya muda huo mtoto aliweza kununua bila kuulizwa tena. Amazon iligoma kukubaliana, ikashindwa mahakamani 2016, na 2017 wateja wakafunguliwa marejesho ya zaidi ya $70 milioni.

Zingatia hiyo dakika 30, maana bado utakutana nayo.

Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti juu kulia, ingia kwenye Mipangilio, tafuta uthibitishaji wa ununuzi. Menyu hii imehamishwa mara kadhaa, kwa hiyo katika toleo lako inaweza kuwa imejificha ndani ya kundi jingine. Kulingana na toleo, utapewa uchague: kuthibitisha kila ununuzi, kuthibitisha kila baada ya dakika 30, au kutothibitisha kabisa. Chagua kila ununuzi. Chaguo la dakika 30 maana yake mama akimnunulia mtoto kitu kimoja saa mbili kamili, mtoto ana uhuru wa kununua vingine mpaka saa mbili na nusu. Programu zilizotengenezwa kwa watoto wa miaka 12 na chini huuliza kila mara hata usipoweka chochote, lakini michezo inayomaliza pesa nyumbani kwa kawaida haimo katika kundi hilo.

Kufuli hii ina matundu mawili ambayo lazima yazibwe.

La kwanza: mpangilio huu unashika akaunti moja kwenye kifaa kimoja tu. Simu ikiwa na akaunti mbili za Google, ya kazini na ya nyumbani, ufunge zote mbili. Ukiingia na akaunti hiyohiyo kwenye tableti, ufunge na kule. Watu hubadilisha simu, wanaingia na akaunti ya zamani, kadi inawafuata, na wanadhani kufuli nayo imewafuata.

La pili ni alama ya kidole. Play Store ikiruhusiwa kuthibitisha kwa kidole, inakubali kidole chochote kilichosajiliwa kwenye simu, na katika nyumba zetu kidole cha mtoto kimesajiliwa ili asisumbue kila anapotaka kuifungua. Simu haitofautishi kidole cha mama na cha mwana. Ama futa kidole chake kwenye mipangilio ya usalama ya simu, ama zima uthibitishaji wa kidole ndani ya Play Store ili idai nenosiri la Google. Tunapendelea njia ya pili. Inachosha, ila mtoto akisajili kidole kingine kesho, huna la kuhofia.

Sasa yale yanayofanana na kufuli na siyo kufuli. Play Store ina udhibiti wa wazazi wenye PIN yake, na wazazi wengi wakishauweka hupumua. Udhibiti huo huchuja michezo kwa umri unaopendekezwa, basi. Haugusi pesa. Ukiruhusu mchezo wa miaka 12, kila kinachouzwa ndani ya mchezo huo kinauzika. Bajeti nayo, iliyo kwenye sehemu ya malipo na usajili, inakuonyesha umetumia kiasi gani dhidi ya ulichopanga kwa mwezi. Ukikipita, ununuzi unaendelea kama kawaida. Kuita kitu hicho bajeti ni kumpotosha mzazi, na Google inapaswa kuweka kizuizi halisi hapo. Kubandika programu moja kwenye skrini, ili mtoto asitoke kwenye mchezo na kuingia WhatsApp, pia hakuzuii kununua, maana duka limo ndani ya mchezo uliobandikwa.

Kwa simu ya kushirikiana, dawa ya uhakika kuliko zote ni kutoacha njia ya malipo. Ingia tena kwenye malipo na usajili, kisha njia za kulipa, uondoe kadi. Ukitaka kununua kitu mwenyewe, uiingize, ulipe, uiondoe. Angalia pia kama malipo kwa salio la simu yamewashwa. Kwa mitandao inayoruhusu, Play Store hukata muda wa maongezi moja kwa moja, na hata ukiiondoa njia hiyo, chaguo la kuiwasha tena hubaki likionekana. Ndiyo sababu uthibitishaji wa kila ununuzi ubaki umewashwa hata kwa asiye na kadi.

Kuhusu pesa za simu, tuseme wazi. Malipo yanayoleta ombi la PIN kwenye skrini yana usalama mzuri, mradi PIN ni siri. Mtoto anayetumwa dukani na simu ya mama, akalipa mwenyewe, anaijua PIN, na kwake ombi hilo ni hatua moja zaidi tu ya mchezo. Badilisha PIN kabla hujabadilisha kitu kingine chochote. Kadi pepe, zile za namba tu zisizoshikika mkononi, zina hatari ya namna yake. GlobalPay ya M-Pesa nchini Kenya, iliyoanza 2022 kwa ushirikiano na Visa, hutoa pesa kwenye salio la M-Pesa lenyewe. Ukiihifadhi kwenye Play Store, salio lako lote liko nyuma ya kufuli ya Play Store, na si busara kutegemea PIN ya M-Pesa ikukinge. Zipo kadi pepe za kujazwa kwanza. Hizo zinafaa zaidi kwa michezo: weka bei ya kitu kimoja, na hata kufuli zote zikifeli, hasara ina mwisho.

Family Link inang'aa pale mtoto anapokuwa na kifaa chake. Unamfungulia akaunti yake ya Google kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa, unaiweka kwenye simu yake, na wewe unaweka Family Link kwenye yako. Kisha unaingia kwenye jina la mtoto, sehemu ya Google Play, na kuweka sharti la idhini katika daraja kali kuliko yote linalopatikana, ambalo linataka ukubali hata programu za bure. Mtoto akitaka daimondi, ombi linaonekana kwenye simu yako likiwa na jina la bidhaa na bei. Unakubali au unakataa, na hana namna ya kuruka hatua hiyo ndani ya Play Store. Kwa kazi hii tunaisifu bila kusita, tena ni bure.

Huvuja sehemu mbili. Ya kwanza ni pale mzazi anapoingiza akaunti yake mwenyewe kwenye simu ya mtoto, labda ili kushusha programu moja upesi, halafu akaisahau. Mtoto hugusa picha ya akaunti juu ya Play Store, anachagua ya mzazi, na usimamizi wote unakwisha hapo. Iondoe. Ya pili ni kubwa zaidi: idhini inahusu malipo yanayopita kwenye mfumo wa Google tu. Robux zinauzwa kwenye tovuti ya Roblox, na daimondi za Free Fire zinaweza kujazwa na mtu yeyote mwenye namba ya mchezaji. Humo ndimo wanamoingia wauzaji wa WhatsApp na Instagram, wanaopokea pesa kwa simu na kuahidi daimondi kwa nusu bei. Pesa zikishatumwa kwa mtu binafsi, Google haihusiki nazo, na muuzaji akizima simu hakuna daimondi. Akikuomba na nenosiri la akaunti ya mchezo, usimpe: kujaza daimondi hakuhitaji nenosiri. Jihadhari pia na misimbo ya kadi za zawadi za Google Play. Hufungwa kwa nchi, na ya Marekani haikubaliwi na akaunti ya Kenya.

Kwa ulinganisho, iPhone iko mbele kwa jambo moja. Ndani ya mipangilio ya muda wa skrini, kwenye vizuizi vya maudhui na faragha, kuna swichi inayozima ununuzi wa ndani ya programu moja kwa moja, hata kwenye simu ya mtu mzima, na unaifunga kwa namba ya siri yake pekee. Swichi kama hiyo ndiyo Play Store inayohitaji kwa simu ya kushirikiana.

Pesa zikiwa zimeshakwenda, muda ndio kila kitu. Usiufute mchezo wala akaunti. Tafuta risiti kwenye Gmail. Namba ya oda inaanza na GPA. Ndani ya saa 48, ingia kwenye historia ya oda za Google Play ukitumia akaunti iliyokatwa pesa, chagua oda, omba kurejeshewa, na kwenye sababu chagua kwamba mwanafamilia amenunua bila ridhaa. Oda zikiwa saba, omba kwa kila moja. Saa 48 zikipita, Google kwa kawaida hukuelekeza kwa mtengenezaji wa mchezo, ambaye anwani yake imo kwenye ukurasa wa mchezo. Muamala usiotoka kwako wala kwa mtu unayemfahamu una njia tofauti, na unaripotiwa ndani ya siku 120. Usiwachanganye Google kwa kumwita mtoto wako mwizi asiyejulikana: kifaa ni chako, wanakiona, na ombi lenye maelezo yanayopingana ni rahisi kukataliwa. Ukiwa umempa mtoto nenosiri lako mwenyewe, nafasi yako ya kurejeshewa inapungua sana.

Mwandae mtoto pia, maana mchezo unaweza kuziondoa daimondi zilizorejeshewa pesa, na kama ameshazitumia, michezo mingine huweka salio hasi au kufunga akaunti.

Kukimbilia benki kupinga makato kuwe hatua ya mwisho. Epic Games ya Fortnite, iliyotakiwa na FTC Desemba 2022 kulipa $245 milioni kwa ajili ya marejesho, ililaumiwa pamoja na mengine kwa kuwafungia akaunti wateja waliopinga makato namna hiyo. Marejesho yakikubaliwa, pesa hurudi zilikotoka: kwenye kadi huchukua siku chache za kazi, na kwenye salio la simu ya malipo ya kabla zinaweza kuchukua hadi siku 30 za kazi, tena zikarudi kama muda wa maongezi na siyo taslimu.