Stelingi ya vipande viwili kwa kafe resa: imara, ila bolti zake hapana

Stelingi hii ya alumini, ya kafe resa (pikipiki iliyobadilishwa iwe ya mtindo wa mbio, stelingi ikiwa chini), hufungwa moja kwa moja kwenye bomba za shokapu za mbele, kila upande peke yake. Pima kipenyo cha bomba kwa kalipa kabla ya kununua. Kishikio (sehemu inayobana bomba) cha mm 35 hakikamati bomba la mm 33. Ukilazimisha kukaza, alumini inapasuka.

Umaliziaji ni safi, hauna kingo kali. Bolti ndizo hovyo: chuma laini, tundu la ufunguo linaliwa mapema. Weka za daraja la 8.8 (kipimo cha ugumu wa bolti), uzikaze kwa zamu kidogo kidogo.

Kazi halisi huanza baada ya kufunga. Geuza usukani hadi mwisho pande zote mbili. Vidole vikibanwa na tangi, ongeza kizuizi cha kona, kinachozuia usukani kugeuka kupita kiasi. Usibonyeze tangi kupata nafasi, ingawa wengi hufanya hivyo. Kwa kuwa stelingi imeshuka, kebo za zamani sasa ni ndefu mno, zinajikunja na klachi inakuwa nzito. Kisha washa injini, geuza stelingi injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kupewa mafuta): mzunguko wa injini ukipanda, kebo ya mafuta (ya akselereta) inavutwa, na pikipiki hiyo haifai kuingia barabarani.