Oili ya Gari kwenye Boxer 150: Ipi Inavumilika na Ipi Haifai

Madereva wengi wa bodaboda hununua oili ya gari kwa sababu inayoeleweka: galoni ya lita 4 wakigawana lita moja moja huwatokea nafuu kuliko kopo la oili ya pikipiki. Kwa ajili ya kulinganisha, nimetumia kwenye Boxer 150 oili mbili za gari, moja ya 20W-50 na nyingine nyepesi zaidi ya 5W-30 (namba hizi huonyesha uzito, yaani unene wa oili), na zimetofautiana kiasi kwamba si haki kuzihukumu kwa pamoja.

Tofauti iko kwenye klachi. Gari lenye gia za mkono kwa kawaida lina klachi kavu, na giabokisi yake ina oili ya peke yake. Lakini katika Boxer, TVS na pikipiki nyingi za kazi, oili ileile inayolainisha pistoni ndiyo inayozunguka kwenye gia na kulowanisha pleti za klachi. Oili nyingi nyepesi za magari ya kisasa huongezewa viambato vya kupunguza msuguano ili gari litumie mafuta kidogo, ilhali pleti za klachi haziwezi kushikana bila msuguano huo.

Ile ya 5W-30 haikuonyesha ubaya wowote kwenye tambarare. Ubaya ulijitokeza katika mlima wa kutoka Mombo kwenda Soni, mkoani Tanga, pikipiki ikiwa na abiria na mzigo: nikivuta mafuta katika gia ya nne, injini ilipandisha mlio lakini mwendo ulibaki palepale. Hiyo ni klachi inayoteleza, na ikiachwa iendelee hivyo pleti huungua. Oili hii siipendekezi kabisa.

Ile ya 20W-50, uzito ambao Boxer hutumia, haikuteleza hata mlimani. Kasoro yake ni kwamba gia zilianza kuwa ngumu mapema, hasa kutafuta nyutro injini ikiwa imepata moto, kwa kuwa meno ya gia husaga viambato vinavyolinda uzito wa oili. Inafaa kwa dharura, kwa sharti la kuimwaga mapema.

Kabla ya kulipa, geuza kopo usome nyuma, kwa sababu picha ya pikipiki iliyo mbele haithibitishi chochote. Tafuta herufi JASO MA au MA2, alama ya kiwango cha Kijapani kinachopima jinsi oili inavyoiwezesha klachi kushika. JASO MB ni ya skuta za mkanda, ambazo klachi yake ni kavu. Ukikuta duara la API (alama ya ubora ya taasisi ya mafuta ya Marekani) limeandikwa "Resource Conserving" sehemu ya chini, yaani oili ya kupunguza matumizi ya mafuta, rudisha kopo hilo. Oili ya kupima kutoka kwenye pipa haina maandishi ya kusoma, kwa hiyo mimi siinunui hata ikiwa bei yake ni nusu.

Kama klachi imeshaanza kuteleza, mwaga oili hiyo leo, ubadilishe na chujio, kisha ujaze yenye MA. Pleti ambazo hazijaungua mara nyingi hurudi kushika.