Laptopu ya gemu inaporomoka fremu? Kabla hujaenda kwa fundi, igeuze chaja usome

Oya wanangu, karibuni tena. Kabla sijasema lolote, hebu tupieni macho kona ya juu kushoto. Hiyo namba ya kijani ndiyo fremu, yaani picha ngapi skrini inaonyesha kwa sekunde. Mia na nne... mia na saba... mia na mbili. Safi kabisa, gari linateleza, jiji linang'aa. Sasa tulieni hapo hapo. Subiri kidogo. Bado... bado... haya! Thelathini na moja! Umeona? Gari limeanza kwenda kama linavutwa na punda. Na mimi sijagusa kitu, mikono yangu hii hapa.

Hii ndiyo laptopu niliyowaahidi wiki tatu zilizopita, na kilichonichelewesha ndicho hicho mlichokiona sasa hivi. Wale mlioandika kwenye komenti kwamba nimekula hela ya udhamini nikalala, sijadhaminiwa na mtu. Nimenunua kwa hela yangu, mtumba, Kariakoo, milioni moja na laki nane na nusu. Nembo nimeibandika plasta ya umeme kwa sababu kampuni iliyoitengeneza haina kosa, mtaona huko mbele. Duka silitaji. Lile lina kosa, lakini silitaji.

Haya, yaliyomo ndani: kadi ya picha RTX 3060, prosesa ya Intel Core i7 11800H, skrini ya hezi 144. Mashine za namna hii zipo tangu 2021, uchambuzi wake umejaa kila kona, siwasomei boksi. Na boksi lenyewe sikupewa. Kibodi tamu, spika mbovu, kamera ya kuchekesha. Basi, uchambuzi wa kawaida umeisha. Sasa tuongee kuhusu huyu punda.

Nilivyoanza kulalamika kwenye sehemu ya jumuiya, watu mia na kitu mmenijibu neno moja: joto. "Kaka, hiyo ni joto, nunua kipozeo." Nikanunua. Hiki hapa, elfu arobaini na tano, feni sita na taa za bluu. Nimewasha, chumba kimekuwa kama ukumbi wa harusi Sinza. Fremu? Thelathini na moja. Nikampelekea fundi, akafungua, akapuliza feni, akapaka dawa mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa na kadi. Elfu arobaini nyingine. Na sitamsema vibaya, maana lilitoka vumbi la kuoteshea mchicha, na joto kweli lilishuka kutoka 84 mpaka 77. Nikarudi nyumbani nimenuna nusu, nimefurahi nusu. Nikawasha gemu. Dakika sita, punda yuleyule.

Sasa hapa ndipo nataka usikimbie. Najua mtu wangu unataka kusogeza mbele. Usisogeze.

Nawasha MSI Afterburner, programu ya kuchungulia na kurekebisha kadi, ni ya bure, haijalishi laptopu yako ya kampuni gani. Naweka namba tatu kwenye skrini: joto la kadi, wati inazokula, na mwendo wake kwa megahezi. Tatu tu. Watu wengi wanaweka moja, ile ya joto, halafu wanatangaza vita na vumbi.

Tunaanza. Joto 77. Wati 112. Mwendo 1,700 na ushee. Vizuri. Naendesha, naendesha... napita darajani... dakika ya nne bado iko sawa. Dakika ya tano. Ya sita. Hapo! Simamisha. Soma na mimi. Mwendo umeporomoka mpaka mia saba. Wati 38. Na joto? Joto 61!

Limeshuka. Hebu rudia kuangalia, 77 kwenda 61. Kama shida ingekuwa joto, joto lingeng'ang'ania juu. Ungeona kadi imekaa kwenye 86, 87, na mwendo unapungua kidogo kidogo huku ikijitahidi kutopita hapo. Prosesa nayo, hizi za Intel, ingefika karibu na 100 ndipo ijibane. Lakini hii imeanguka kwa mpigo mmoja, wati na joto zimeanguka pamoja, na mashine imepoa kama mtu aliyetoka kuoga. Hiyo haijaungua, ndugu yangu. Imenyimwa chakula.

Na ushahidi wa pili uko chini kulia, mahali ambapo hakuna mtu anayeangalia. Betri. Nimeanza mia kwa mia. Chaja imechomekwa, taa yake inawaka, mnaiona. Sasa hivi betri iko 93. Inacheza gemu ikiwa kwenye umeme, na betri inapungua! Maana yake chaja haitoshi, betri inachangia. Ikichoka kuchangia, mashine inaamua kujibana yenyewe isije ikazima.

Nikaichukua chaja. Ngoja niisogeze kwenye kamera... isubiri kamera ishike... hapo. Imeandikwa 230W, maandishi makubwa meupe. Chaja sahihi kabisa kwa mashine hii. Lakini angalia kona ya stika. Imeinuka. Nikaikwangua na kucha, hivi, taratibu. Chini kuna stika nyingine! Soma: volti 19.5, ampea 6.15. Zidisha. Hesabu ya darasa la tano hiyo, 19.5 mara 6.15. Unapata mia na ishirini kasoro kidogo. Mia na ishirini! Mtu amekaa chini, amechapisha stika, ameibandika, ameipiga pasi kwa kidole gumba, kisha akaniambia "hii ni orijino bro, imekuja na mashine kutoka Dubai".

Chaja ya kweli ya 230 utasoma volti 19.5 kwa ampea 11.8, au volti 20 kwa ampea 11.5. Ukikuta namba kubwa juu na ampea ndogo chini haziongei lugha moja, iache hapo hapo mezani. Na ipime kwa mkono. Mimi nilikwenda nayo kwa mangi hapo chini, nikamwomba mzani wa sukari, akanicheka, ikasoma nusu kilo kasoro. Tofali la 230 ukilibeba begani unalijua, hili unaweza kumrushia paka.

Sasa mahesabu ya mezani kwenu. Kadi hii ikifunguliwa yote inakula wati 115. Prosesa kwenye gemu, weka 45. Skrini, feni, memori, diski, taa za kibodi, weka 25 hivi. Uko 185. Unailisha kwa chaja ya 120. Wageni mia na themanini, sahani mia na ishirini, unategemea nini?

Kuna kitu kingine, na hiki kimewapata wengi. Chungulia kichwa cha waya. Katikati kuna sindano nyembamba, umeiona? Kwenye chaja nyingi za aina hii hiyo sindano haipitishi umeme wa kulisha mashine. Kazi yake ni kuitambulisha chaja: "mimi ni wa wati kadhaa." Ikipinda au ikikatika, laptopu haimjui mgeni, na laptopu nyingi zisipomjua mgeni zinajibana kabisa, prosesa inatambaa, na betri wakati mwingine haichaji. Chaja inaweza kuwa orijino na mashine nzima, ila sindano imepinda kwa sababu mtoto alivuta waya. Baadhi ya laptopu ukiingia BIOS, ile menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, inakuandikia chaja ni ya wati ngapi. Yangu iliniandikia 120 wazi wazi. Ningeingia siku ya kwanza, nisingenunua ukumbi wa harusi.

Wale wanaochaji kwa Type-C ya simu au ya laptopu ya ofisini, hamjambo? Chaja nyingi za namna hiyo mwisho wake ni wati 100, na nyingi mtaani ni 65. Zipo za mpaka 240, lakini na laptopu yenyewe iwe inakubali. Ya kuandikia barua ya maombi ya kazi, sawa. Ya gemu, hapana.

Na kuna kijana aliniandikia gemu yake inakaa 30 kamili, haipandi wala haishuki, kila anapochomoa chaja. Mdogo wangu, hiyo siyo ugonjwa. Nvidia, wenye hizi kadi za RTX, wana kitu kinaitwa Battery Boost, kinafunga fremu kwenye 30 ukiwa kwenye betri. Unaweza kukizima, ila betri nayo haina ubavu wa kutoa wati zote, kwa hiyo usitarajie miujiza. Cheza ukiwa umechomeka.

Haya, nikahangaika wiki mbili nikapata chaja ya kweli. Laki moja na elfu sitini. Nilikwenda na laptopu begani, nikasema silipi mpaka nicheze dakika kumi hapo dukani. Muuzaji akakunja uso, mwisho akaja kukaa pembeni kuangalia, akaomba acheze na yeye.

Tuangalie. Gemu ileile, barabara ileile. Wati 114. Dakika ya sita... nimebana pumzi kama mechi ya penalti... fremu 101. Dakika ya kumi, 98. Nimeisogeza video, hii ni dakika ya ishirini na tano, 95. Betri mia kwa mia, haijatikisika. Aisee! Mashine hii niliitukana wiki tatu. Nisamehe mama.

Lakini sitawadanganya, sasa imeshiba na joto limekuja kweli. Kadi 83, prosesa inagusa 94, na feni zinavuma kama mashine ya kusaga ya Tandale. Hapa sasa ndipo joto linastahili kuzungumzwa. Na unajua kilichosaidia? Vifuniko viwili vya soda. Hivi. Nimeviweka chini ya miguu ya nyuma, hewa ikapata njia, nyuzi nne zimeshuka. Kipozeo cha elfu arobaini na tano kilishusha nyuzi mbili zaidi ya hapo. Mbili! Basi nimekiacha, taa zake zinapendeza kwenye video, mmenikubali nilivyo.

Nimepunguza pia volti za kadi kwenye Afterburner. Unabonyeza Ctrl na F, inakuja grafu ya mstari, nimeifunga kwenye megahezi 1,700 kwa volti 0.8. Wati zimeshuka karibu ishirini, fremu nimepoteza mbili au tatu. Feni zimenyamaza hata dada yangu kauliza kama nimeacha kucheza. Kwenye prosesa sikuweza. Laptopu nyingi za Intel zilifungiwa njia hiyo kupitia BIOS baada ya lile tundu la usalama la kuchezea volti za prosesa, lililoitwa Plundervolt, kutangazwa mwishoni mwa 2019.

Na nisemee hili jambo la majina ya kadi, maana linanikera kuliko stika. Unaingia dukani unaambiwa "hii 3060, ile 3070, ongeza laki nne". Ongeza laki nne kwa wati ngapi? RTX 3060 ya laptopu Nvidia wanairuhusu kuanzia wati 60 mpaka 115. Jina moja! Ya 3070 inaanzia 80. Ukikuta 3070 imefungwa kwenye 80 ndani ya kiboksi chembamba, 3060 iliyoachiwa yote inaweza kuikaribia, na gemu nyingine ikaipita. Zamani nyembamba zilikuwa zinaandikwa Max-Q, angalau ulijua. Kuanzia 2021 lile neno likaondoka mbele ya macho yetu. Kwa hiyo dukani mwambie afungue paneli ya Nvidia, aingie "System Information", asome wati za juu kabisa. Akikwambia haijui hiyo, ondoka. Wenzangu wenye chaneli kubwa, nawapenda, lakini kusoma jina la kadi siyo uchambuzi.

Najua kuna mtu ameshaandika "nunua PS5". Ninayo hamu nayo, sikatai. Haina habari za betri wala sindano. Ila PS5 haitahariri hii video unayoitazama.

Jambo la chaneli: video ya Alhamisi imehamia Jumapili, gereji ya bodaboda imefunguliwa dirishani kwangu, mnaisikia hata sasa. Na kama unanunua mtumba, angalia memori iko vipande viwili. Hii ilikuja na kipande kimoja cha gigabaiti 8, nikaongeza cha pili, ile mikwamo midogo midogo ukiingia mjini ikapungua. Nitaitengenezea video yake. Au sitatengeneza, tutaona.

Swali lenu la mwisho, ningeinunua tena? Mwanzo wa video ningekwambia hapana. Sasa hivi nimecheza saa mbili na nusu, nimesahau hasira, ndiyo, ningenunua. Ila ningeanza na kucha kwenye stika. Na ile chaja nimeirudisha dukani. Jamaa akaigeuza, akaangalia stika iliyokwanguliwa, akaniambia, "Bro, umeiharibu, siwezi kuipokea." Ninayo bado, hii hapa. Atakayeandika komenti inayoni—

Subiri. Mmesikia? Pii, pii. Luku hiyo. Dada anaita. Ndiyo, dada! Ni mimi, ni mashine! Naweka sasa hivi, nina—