Bizerte, Tunisia: tathmini kwa msafiri anayetoka Mwanza

Vifurushi vya utalii wa Tunisia huishia zaidi Hammamet, Sousse na Djerba, kwenye mahoteli makubwa ya ufukweni. Bizerte, kilomita 65 hivi kaskazini mwa Tunis, hutajwa kwa nadra, na hapo watu wa Mwanza wanapunjwa. Mtu aliyezoea soko la samaki la Mwaloni Kirumba atapenda mji ambao wavuvi wanashusha samaki katikati yake, ziwa la chumvi upande mmoja, bahari ya Mediterania upande wa pili, na mfereji unaoviunganisha.

Hakuna ndege ya moja kwa moja. Unashukia Dar es Salaam, kisha unaunganisha kupitia Cairo, Istanbul au Doha. Beba yuro au dola. Dinari haziruhusiwi kuingizwa wala kutolewa nchini, kwa hiyo badilisha kidogo kidogo na utunze risiti, maana utaulizwa ukitaka kurudisha zilizobaki.

Hesabu ya pesa ndiyo inayowaumiza wageni. Dinari 1 ina milimu 1,000, na milimu huandikwa kwa tarakimu tatu. Ukiona 4,500 kwenye ubao wa mgahawa, ni dinari nne na nusu. Kwenye teksi, mita ikisoma 5,600, dereva mjanja hudai dinari 56. Deni lako ni dinari 5 na milimu 600. Kuanzia saa 3 usiku hadi saa 11 alfajiri nauli ya mita hupanda kwa asilimia 50. Hiyo ni halali, usibishane.

Toka uwanja wa ndege wa Tunis kwa teksi hadi kituo cha Bab Saadoun, panda louage ya Bizerte. Ni gari la abiria 8 linaloondoka likijaa kama hiace zetu, ila kila abiria ana kiti chake na nauli imepangwa. Kwa mwendo wa takriban saa moja, huduma hii nzuri inastahili sifa zote. Kinachokwamisha ni daraja. Barabara ya Tunis inafikia ng'ambo ya kusini, Zarzouna, na daraja la mfereji huinuliwa meli zikipita. Magari yanasimama pande zote mbili. Aliyewahi kusubiri pantoni Kigongo kabla ya daraja la Busisi kufunguliwa 2025 anaijua foleni hiyo. Daraja jipya lisiloinuka linajengwa; kwa sasa weka akiba ya muda.

Mjini, anza na bandari ya zamani na ngome ya Kasbah iliyo mdomoni mwake. Vyote vinatembelewa kwa miguu. Usipige picha za askari wala eneo la jeshi la majini: Wafaransa waling'ang'ania kambi hapa hata baada ya uhuru wa 1956, damu ikamwagika Julai 1961, wakaondoka 15 Oktoba 1963, na jeshi la nchi bado lipo.

Samaki wa kuchoma huuzwa kwa uzito. Chagua samaki mbichi mwenyewe, apimwe mbele yako, bei isemwe kabla hajaenda jikoni. Ukikaa tu na kuagiza, bili itakushtua. Mlo wa bei nafuu ni lablabi. Kule Tunis huwa ni bakuli la dengu na mchuzi juu ya mkate. Hapa Bizerte, dengu hizo hujazwa ndani ya mkate pamoja na jodari na harissa. Harissa ni pilipili kali, iombe pembeni.

Jambo zito: tangu hotuba ya rais wa Tunisia ya Februari 2023 kuhusu wahamiaji, Waafrika weusi wamesumbuliwa, na wengine wamepigwa. Tembea na pasipoti halisi yenye muhuri wa kuingilia, nafasi ya hoteli iliyochapishwa na tiketi ya kurudi. Usiku usizurure ufukweni, kwa kuwa boti za kwenda Ulaya huondokea pwani kama hizi na polisi wanazisaka.

Ukiwa na siku ya ziada, kodi teksi ya kwenda na kurudi hadi ziwa Ichkeul, urithi wa dunia tangu 1980. Mvua za kipupwe cha huko, Desemba hadi Februari, hulijaza maji matamu, kiangazi maji hupungua na ya chumvi huingia kutoka ziwa la Bizerte. Bata na mabata bukini wa Ulaya huja kipupwe, kwa hiyo ukienda Agosti utaona matope na joto. Patana na dereva akusubiri, bila hivyo utakwama huko.

Kuogelea, Juni au Septemba. Julai na Agosti vyumba hujaa na bei hupanda. Januari kuna upepo na mvua, na koti la Mwanza halitoshi.

Kurudi Tunis, ondoka alasiri. Jioni abiria hupungua, louage inachelewa kujaa, na daraja linaweza kuinuka wakati huohuo ndege yako inapokusubiri.