TAHADHARI: "Seti ya Safari" ya Datsun za zamani, ni puti ya kujazia mashimo ya bodi na springi zilizokatwa

Wakuu, habari za leo. Naandika nikiwa na uchungu, lakini nimeona nisinyamaze kwa sababu wiki hii watu wawili wameniulizia fundi huyuhuyu.

Kuna mtu hapa Dar anatangaza mtandaoni kitu anachokiita "seti ya Safari", yaani ya mbio za magari za Safari Rally, kwa Datsun 1600 na magari ya rika lake. Anasema anaimarisha bodi, anafunga springi ngumu, shokapu za nyuma na bomba la kuunganisha vichwa vya shokapu za mbele. Jina silitaji, suala liko polisi. Mimi nililipa shilingi 2,400,000, nusu kabla ya kazi, nusu siku ya kuchukua gari. Neno lake kubwa ni hili: "Litakuwa kama lile lililochukua Safari." Na kweli Datsun 1600 SSS ilishinda Safari mwaka 1970, Edgar Herrmann akiwa kwenye usukani. Neno kama hilo linamwingia mtu, hasa mimi niliyeachiwa gari hili na marehemu baba.

Kwa ambao hawajalala chini ya gari hizi: hazina chesesi ya peke yake kama Land Rover. Bodi ndiyo chesesi. Kiwandani mabati yaliunganishwa kwa nukta nukta za weldi, na kati ya nukta na nukta bati lina nafasi ya kucheza. Baada ya miaka hamsini ya mashimo na kutu, nukta nyingine zinaachia, na bodi inajinyonga kila ukikata kona. Fundi wa kweli anakwangua rangi na lami ya kuzuia kutu mpaka bati tupu lionekane, halafu anashona viungo kwa vipande vifupi vya weldi, sentimita 2 au 3, anaruka, anashona tena, akihamahama ili joto lisipindishe bati. Inachukua siku nyingi na inachosha mgongo. Gari langu lilikaa kwake siku nne tu, na lilirudi na rangi. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka.

Nililichukua linang'aa. Chini lami mpya nyeusi, kwenye viungo vituta vidogo vimepangana vizuri kama weldi ya mtu aliyetulia. Akapiga picha nyingi, nami nikasimama pembeni nikifurahi.

Wiki ya tatu naelekea Morogoro. Nimepita Chalinze, kwenye matuta ya rasta, nikasikia ko-ko-ko mbele kulia, na usukani ukaanza kuvuta. Nikaegesha, nikafungua boneti. Rangi ilikuwa imepasuka kuzunguka kichwa cha shokapu, ufa wa kuingia ukucha. Nikachokonoa kwa bisibisi, likabanduka pande la puti la ukubwa wa kiganja, na upande wake wa ndani kutu ya zamani bado imeng'ang'ania. Vile vituta vilikuwa puti iliyochongwa. Weldi za kweli upande ule nilihesabu tatu. Mke wangu na mtoto walikuwa ndani ya gari lile.

Springi nazo. Aliniambia ni za waya wa milimita 13, wakati za zamani zilikuwa 12. Milimita moja inaonekana ndogo, lakini ugumu wa springi unapanda kwa kipeo cha nne cha unene wa waya, kwa hiyo mengine yakibaki vilevile unapata ugumu zaidi kwa asilimia 38 hivi. Fundi mwingine wa Gerezani, mzee mwenye subira, alizifungua mbele yangu, akakwangua rangi ya njano na kuweka venia, kile kipimo cha unene: milimita 12. Ni zilezile za kwangu! Zimekatwa mzunguko mmoja kwa gesi, na kwenye ncha chuma kimebadilika rangi kwa moto. Springi ikipashwa moto hivyo chuma chake kinapoteza uimara pale, na ncha haikai tena sawasawa kwenye kikombe chake. Ndiyo iliyokuwa inagonga. Shokapu za nyuma ni kuukuu zilizopakwa rangi, ukivuta na kubonyeza kuna mahali zinapita bure.

Kama tayari umeshampa gari, usimalizie hela kabla hujaenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Ipitishe kwenye viungo na kuzunguka vichwa vya shokapu, ikiteleza bila kushika, hapo pana puti. Piga jeki kona moja ya gari, kisha fungua na ufunge milango. Mlango ukikwama au nafasi yake ikibadilika, bodi bado inajinyonga. Springi dai kuzipima kabla hazijafungwa. Na kataa lami isipakwe mpaka uone weldi kwa macho yako, hata kama anasema kutu itaingia usiku huo. Siku mbili bati haliliwi na kutu.

Nilipompigia alisema nimepita njia mbaya. Baadaye akanifungia namba.

Jana nimeona tangazo lake jipya. Datsun nyekundu yenye boneti nyeusi, imepigwa picha kwa chini, vituta vyote vinaonekana, na ameandika "kazi yetu". Hilo ni gari langu. Sasa hivi liko juu ya stendi Gerezani, mzee anakwangua puti, na upande wa kushoto bado hatujafika kwenye bati.